Daftari la babu lililokataliwa barazani

Mhariri, salaam nyingi kutoka Mtwara mjini.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenikaa kifuani tangu mwaka jana, na najua sio la familia yetu peke yake maana kila nikilisimulia hapa dukani kwangu lazima atokee mtu aseme hata kwetu lipo hilo hilo. Mwaka jana ndugu zangu walipeleka shauri la mpaka kwenye baraza moja la usuluhishi huko wilaya ya Nachingwea, shauri la bonde linaloanzia chini ya mikorosho ya marehemu babu yetu mpaka mtoni, na kwa vile hawana hati wala karatasi yoyote ya ofisi wakaenda na daftari la babu. Ni daftari la shule la kawaida, jalada lilishabanduka kitambo, limefungwa kwenye kipande cha kaniki alafu likawekwa kwenye mfuko wa nailoni, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai na pembeni zina alama za vidole vya mafuta. Aliyekuwa mezani akalifungua, akageuza kurasa mbili tatu, akalirudisha akasema hiki ni kitabu cha dini, leteni ushahidi.

Lile daftari ni Kiswahili kitupu, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Babu hakusoma shule ya serikali hata siku moja, alisoma chuo cha Kurani kwa maalim, na wazee wengi wa huku kusini waliosoma hivyo ndo walivyokuwa wanaandika barua zao, madeni yao, na mahari za binti zao. Sasa mtu wa ofisini leo akiona herufi zile anajua ni dini basi, na shauri letu likalala pale pale.

Nataka nimwelezee babu alikuwa nani, maana habari zetu magazetini zinajaa wabunge na mawaziri, na huyu alikuwa mtu wa porini aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kijiji na baadae diwani, na ukitaka kujua vijiji vya Nachingwea, Liwale na Nanyumbu vilianzaje utawakuta watu wa aina yake ndo waliovianzisha. Sitataja jina lake wala la kijiji kwa sababu shauri bado halijaisha.

Alizaliwa juu kule uwanda wa Newala, kwa Wamakonde, sehemu yenye ardhi nzuri ila maji hamna, miaka hiyo mtu anatoka alfajiri kushuka bondeni na mtungi na kurudi jua limeshakuwa kali. Mwaka 1948 akiwa kijana akasikia Waingereza wanachukua watu Nachingwea kwenye karanga. Kila mzee wa huku anaijua karanga, ndo ule mpango mkubwa wa serikali ya Uingereza baada ya vita vya pili, walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3 Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea kwetu, ili wapate mafuta ya kula huko kwao. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, na reli ikapelekwa mpaka Nachingwea. Babu alikuwa anasimulia jinsi mabuldoza mawili yalivyokuwa yanaenda sambamba yamefungwa mnyororo katikati, yanang'oa miti kama mtu anavyokata nywele, na vumbi lake lilikuwa linaonekana mbali sana. Yeye kazi yake ilikuwa kupita nyuma na shoka kukata mizizi iliyobaki. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, mamilioni ya paundi yakapotea, udongo ulikuwa mgumu, mvua haikuja kama walivyopiga hesabu, mashine zikafa. Reli nayo haikudumu, miaka ya 60 mwanzoni iling'olewa, hadi leo kuna sehemu unaona tuta lake tu.

Wenzake wengi walirudi makwao na yeye akabaki, na hapa ndo maisha yake yanapoanza kwa jinsi nilivyoyaelewa mimi.

Kuna kitu vijana wa mjini hawakijui, kwamba pori lile halikuwa la bure. Mgeni hachukui shoka na kuanza kukata. Rafiki yake waliyefanya nae kazi kwenye karanga, Mmwera wa hapo, alimpeleka kwa mzee mwenye eneo, maana mgeni haendi mwenyewe anapelekwa na mtu anayejulikana. Akabeba jogoo, unga wa mtama na shuka jipya alilonunua kwa mshahara wake. Yule mzee hakumjibu siku hiyo, alimlaza siku tatu anamwangalia anavyokula na anavyoongea na watoto, siku ya nne akampeleka chini ya mti akamwaga unga akawaambia waliotangulia kwamba kuna mtu amekuja anaomba kukaa. Ndo akaonyeshwa: kuanzia mninga ule mpaka kichuguu kile, na chini mpaka mtoni. Miaka miwili baadae akamwoa mjukuu wa yule mzee, ndo bibi yangu.

Kufungua pori ile miaka ilikuwa kazi ya hatari kwelikweli. Unakata, unachoma, unapanda mtama na muhogo, alafu unajenga dungu juu ya miti unalala huko kulinda, maana nguruwe pori wakiingia usiku mmoja tu umelima bure. Na nguruwe akija na simba anakuja nyuma yake. Babu alikuwa na kovu begani alilolipata akiruka kutoka kwenye dungu usiku ambao jirani yake wa dungu la pili alichukuliwa, wakamkuta asubuhi, walichokuta wakakizika. Haya mambo sio ya zamani sana mhariri. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchi hii, na mkoa wa Lindi ulikuwa kati ya maeneo yaliyoumia zaidi, na watafiti waliokuja kuangalia walikuta ni hivyo hivyo babu alivyosema, kwamba nguruwe pori ndo anamvuta simba mashambani na mkulima anayelala shambani ndo anakutwa. Miaka ya njaa walikula ming'oko, wanachimba porini siku nzima. Alafu akapanda mikorosho, michache kwanza, kisha akaongeza, mpaka ikafika wakati watu wanaopita wanauliza hili shamba la nani.

Wengine wakaanza kuja. Kutoka Newala, kutoka Masasi, kutoka ng'ambo ya Ruvuma kukimbia kazi za kulazimishwa za Wareno na baadae kukimbia vita. Kusini yetu yote ni watu waliohamia, Wayao walikuja, Wamakua walikuja, hata Masasi ule mwaka 1876 Askofu Steere alikuja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja wakaweka makazi pale. Babu akawa ndo anayewapokea wageni, kama yeye alivyopokewa. Huku mitandaoni siku hizi vijana wanaitana mkulungwa kama wanavyoitana bosi, ila kwa Wamakonde mkulungwa ni mkubwa aliyetangulia, na wanaokuja nyuma yake wanakaa kwa neno lake na yeye anabeba shida zao. Alikuwa hivyo kabla hajawa na cheo chochote cha serikali.

Na hapo ndo daftari linapoingia. Yule mzee wa Kimwera alipokaribia kufa alimwita babu akamwambia mimi mipaka yote ninayo kichwani, wewe unajua kuandika, andika. Wakatembea siku kadhaa, mzee anabebwa pale anaposhindwa, anaonyesha mti na kijito na jiwe, babu anaandika amepiga magoti. Toka siku hiyo kila mgeni aliyepewa sehemu aliandikwa. Nimezisoma kurasa hizo zote sasa kwa msaada wa maalim mmoja mzee wa hapa mjini, na zote zina mpangilio mmoja: jina la mtu na jina la aliyemleta, anakotoka, mipaka yake kwa miti na mito na minyaa, mashahidi waliokuwepo, alafu mwishoni kuna neno moja. Ama amepewa, ama ameazimwa.

Hayo maneno mawili ndo uti wa mgongo wa shauri letu lote. Aliyepewa anapanda mikorosho na miembe, ni pake na watoto wake. Aliyeazimwa analima mahindi, mpunga, mbaazi, ila hapandi mti wa kudumu, maana kwetu mti ndo unasema shamba ni la nani, na akihama ardhi inarudi kwa aliyemwazima. Lile bonde liliandikwa mwaka 1961, jina la mtu lipo, mashahidi wanne wapo, na neno la mwisho ni ameazimwa. Wajukuu wa yule mtu ndo waliouza bonde hilo kwa mtu wa mjini. Siwalaumu kwa chuki, inawezekana kabisa hawajui, maana babu yao alikufa mapema na baba yao alikulia Dar, walichojua ni kwamba babu yao alikuwa analima pale basi ni pao. Ila sisi tuna karatasi na hakuna mtu ofisini anayeweza kuisoma.

Siasa ilimkuta hapo hapo shambani. Aliingia TANU kabla ya uhuru, kadi yake tunayo, na sababu aliyokuwa anatoa ni nyepesi sana, alichoka kuona jumbe anakuja kuchukua kodi ya kichwa na hasomi popote hiyo hela imeenda wapi. Hilo neno la hela imeenda wapi ndo siasa yake yote, sijawahi kusikia alitaka kitu kingine. Akawa balozi wa nyumba kumi, na mipaka ilivyowekwa ya vijiji akawa mwenyekiti.

Na uenyekiti wake ulianza na jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Mwaka 1974 watu wakaamriwa kuhamia vijijini, ile operesheni ya vijiji iliyotaka mpaka mwisho wa 1976 nchi nzima iwe inaishi kwenye vijiji. Watu aliowapokea mmoja mmoja na kuwaonyesha mti wao sasa akatakiwa awaambie wabomoe wakapange nyumba kwenye mstari kando ya barabara. Aliwaambia. Mama anakumbuka babu alibomoa nyumba yake mwenyewe kwanza, akashusha makuti mbele ya watu, akabeba mlango mgongoni na kwenda nao. Wapo waliomchukia kwa hilo mpaka wanakufa, na mimi siwezi kusema walikosea, kuna bibi mmoja alijifungua njiani kwenye kuhama na mtoto hakuishi. Wengine watasema kijiji ndo kilileta shule na zahanati, ni kweli vilikuja, mama yangu alisoma shule hiyo. Yote mawili ni kweli na kwenye familia yetu hatujawahi kuyamaliza.

Ila kuna alichokifanya ambacho nimekijua mwaka huu tu, daftari liliposomwa. Kabla watu hawajahama alipita kwenye kila boma akahesabu mikorosho ya kila mtu na kuandika, fulani miti 62, fulani miti 140, mjane fulani miti 18. Kurasa 11 za hesabu za miti tu. Alijua kwamba mtu akitolewa kwenye shamba lake, miaka michache mbele atatokea mwingine aseme haya ni mahame hayana mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi, mashamba yakawa mbali, masaa mawili matatu kwa mguu, magugu yakapanda, moto ukapita, mikorosho ikafa. Angalia hesabu za nchi: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na mwishoni mwa miaka ya 80 ilikuwa chini ya tani 20,000. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, nao ulichangia, na bei mbaya, lakini kuwatenga watu na miti yao kulichangia sana na mkulima yeyote wa umri ule atakwambia. Watu wa kijiji chetu waliporuhusiwa kurudi kuhudumia mashamba yao ya zamani hawakugombana, sababu hesabu ilikuwepo na mwenye hesabu alikuwa hai.

Miaka ya 80 serikali za mitaa zilivyorudishwa, baada ya kufutwa mwaka 1972, watu wakamwambia agombee udiwani. Alipata, akakaa vipindi viwili. Sina mengi ya kusema kuhusu vikao vya halmashauri, hakuwa mtu wa hotuba, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake mpaka wenzake wa mjini walikuwa wanamcheka. Nitasimulia siku moja tu ambayo nilikuwepo, mtoto mdogo, nimekaa kwenye mkeka miguuni kwa bibi.

Lori lilileta salfa ya kupulizia mikorosho. Ubwiri ulikuwa umetesa watu miaka kadhaa, maua yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga alafu yanakauka, bila salfa huna msimu. Babu akasema hakuna mfuko unaingia stoo kabla haujahesabiwa na watu. Akatandika mkeka chini ya mwembe, akaomba punje za mahindi, kila mfuko ukishushwa mtoto anaweka punje moja kwenye mkeka, mifuko kumi inakuwa fungu moja. Mimi nilikuwa naweka punje. Mwisho akaita yule wa lori na karatasi yake wakasoma pamoja, karatasi inasema hivi na mkeka unasema pungufu ya mifuko 4. Hakugomba, hakumwita mtu mwizi, alimwambia tu kaa ule kwanza, alafu akapanda baiskeli kwenda mjini na karatasi hiyo, akarudi siku ya pili jioni. Mifuko 4 ililetwa wiki iliyofuata. Kwenye daftari ipo tarehe na idadi, na majina ya waliopata, mpaka nusu mfuko.

Hakuwa malaika. Kuna ukurasa mmoja uliniuma kuusoma. Alimpa mpwa wake, mtoto wa dada yake, sehemu nzuri ya juu ya bonde bila kuitisha mkutano, na kwetu mpwa ndo mrithi, ukoo unafuata mama, kwa hiyo shinikizo la ndugu unaweza kulielewa. Watu wakanung'unika. Amepiga mstari juu ya maneno hayo, jina bado linasomeka chini ya mstari, na pembeni ameandika kwamba imerudishwa kwa neno la mkutano. Angeweza kuchana ukurasa na hakuna ambae angejua. Jambo jingine ni kwamba kwenye daftari lote majina ya wanawake yanahesabika kwa vidole, wajane tu. Bibi yangu ambae ardhi ile ilitoka kwa babu yake mzaa mama hajaandikwa popote. Nilimuuliza mama kwanini, akasema mwanangu, wakati ule nani angeuliza. Mimi nauliza, na kama litaandikwa daftari jipya basi majina ya kina bibi na mama yaanze.

Alishindwa uchaguzi vilivyoingia vyama vingi, akampa mkono aliyemshinda, akarudi kwenye mikorosho yake. Alifariki 2003.

Sasa mhariri, kwanini nakuandikia wewe badala ya kuhangaika na baraza? Kwa sababu naona hili linakuja kwa kila kijiji cha kusini. Bei ya korosho imekuwa nzuri miaka ya karibuni, msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani laki 3, kila mtu sasa anataka shamba, watu wa mjini wanatuma meseji tu nitafutie ekari 20. Toka 2006 na 2007 wafugaji waliotolewa bonde la Usangu kule Mbeya walielekezwa Lindi na mikoa mingine na wapo, wanaongezeka, na ugomvi wa ng'ombe na mashamba tunausikia kila mwaka. Mimi siwezi kumwita mfugaji mvamizi nikanyamaza kuhusu babu yangu, babu nae alikuja na shoka na jogoo. Tofauti ninayoiona ni kwamba yeye alipelekwa na mtu, akakaa siku tatu anaangaliwa, akaonyeshwa mpaka mbele ya mashahidi, na ikaandikwa amepewa au ameazimwa. Mgeni wa leo anaonyeshwa pori na watu wawili watatu usiku, analipa hela mkononi, anapewa karatasi yenye muhuri, na kijiji kinajua siku anapoingiza trekta au ng'ombe. Yeye mwenyewe ameibiwa na kijiji kimeibiwa.

Sheria haijakaa kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji. Inatambua haki miliki ya kimila, ina hati yake. Inataka kijiji kiwe na rejista. Novemba 2024 tulichagua wenyeviti nchi nzima na nawaomba hawa waliopo wafanye kitu ambacho mtu asiyejua herufi za kizungu aliweza kufanya kwa kalamu ya wino na daftari la shule. Itisheni mkutano mkuu, someni majina ya waliopewa ardhi, wataje mashahidi, andikeni amepewa au ameazimwa au amekodi, na jina la mke liwe pembeni ya jina la mume.

Na kabla ya hapo, kukusanya yaliyopo. Haya madaftari ni mengi kuliko tunavyofikiri. Toka nianze kusema habari hii hapa dukani, mimi nina duka la steshenari, natoa kopi na kuskani na laminesheni, watu wanne wameniletea ya kwao: moja la Tandahimba, mawili ya Masasi, moja la huku Mikindani ambalo ni hesabu za jahazi na mahari. Yameliwa na mchwa, yamelowa, mtu analiweka juu ya dari miaka 30 akidhani ni Kurani ya marehemu, anaogopa kulitupa na hawezi kulisoma. Watu wa kusini tumeandika siku nyingi, Machemba, chifu wa Wayao, aliwajibu Wajerumani kwa barua ya Kiswahili mwaka 1890 na barua hiyo inakumbukwa mpaka leo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo wasomaji wapo, na kwenye misikiti yetu wamo wazee wanaosoma kama maji, tatizo ni kwamba hawaitwi barazani.

Ombi langu kwa halmashauri za Mtwara na Lindi ni dogo: kwenye shauri la ardhi mtu akileta daftari la namna hii lisirudishwe, aitwe msomaji, asome mbele ya pande zote mbili, maneno yaandikwe kwa herufi hizi tulizozoea, kila upande upewe kopi. Upande wa pili wakiona limechezewa waseme, waonyeshe ni wapi. Ombi kwako mhariri ni nafasi, hata robo ukurasa kwa wiki, tuandike habari za hawa waliofungua vijiji, mmoja mmoja, wakati bado wapo watoto wao wanaokumbuka mti gani ulikuwa wapi. Yule mninga wa mpaka wetu ulishakatwa mbao. Kichuguu kipo. Anayejua mninga ulipokuwa umesimama ni mama yangu na mzee mmoja wa kijiji anayepindukia miaka 80, na mwezi uliopita tulimpakia kwenye bajaji tukaenda nae, akasimama, akazunguka kidogo, akaelekeza fimbo chini. Tukachimba kwa jembe tukakuta kisiki.

Kisiki tumekipiga picha tukaweka na jiwe. Kwenye daftari zimebaki kurasa 6 hatujazisoma, zile zilizolowa zikashikana, maalim amesema tusizibandue kwa nguvu, ameziweka kivulini zikauke taratibu na atakuja Ijumaa baada ya swala tuendelee.

Mjukuu wa diwani,
Mtwara